Mlango wa Watawa: Malazi ya Msafiri kati ya Mbinga na Ziwa Nyasa

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari za mwanamke wa Shunemu aliyeona kwamba nabii Elisha hupita mara kwa mara karibu na nyumba yake. Alizungumza na mumewe, wakamjengea mtu wa Mungu chumba kidogo, wakatia humo vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa. Maandiko hayasemi kwamba nabii aliombwa kulipa, wala kwamba aliombwa kukaa muda mrefu. Yanasema tu kwamba kila alipopita aliingia humo akapumzika.

Anayesafiri leo kutoka Songea kwenda Mbinga, kisha akateremka hadi Mbamba Bay na kufuata mwambao wa Ziwa Nyasa kuelekea Liuli na Lituhi, akiuliza mahali safi pa kulala kwa bei ya mtu wa kawaida, mara nyingi hujibiwa kwa maneno machache: nenda misheni, au waulize masista. Akifika huko hukuta vitu vilevile vinne vya Shunemu, pengine vimeongezewa chandarua na ndoo ya maji ya kuoga. Washarika wetu wengi wamelala katika vyumba vya namna hiyo: wanakwaya walio safarini, wainjilisti waendao semina, walimu waliohamishwa, waombolezaji waendao mazishini, na ndugu wanaouguza wagonjwa wao. Tumelala, tumekunywa chai ya asubuhi, tumelipa kidogo, tumeshukuru na kuondoka. Ni wachache kati yetu waliouliza kitanda kile kilitoka wapi.

Katika makala hii tunataka kuuliza. Historia ya malazi hayo si jambo dogo la wasafiri tu. Ndani yake mna swali ambalo kila usharika unalijibu, upende usipende: mgeni anayebisha hodi kwetu ni nani? Ni mzigo, ni mteja, au ni Kristo?

Agizo la kale

Kanisa la kwanza lilikuwa kanisa la watu wa safari. Mitume walikwenda kwa miguu na kwa merikebu, na mara nyingi walilala kwa waamini wenzao. Nyumba za kulala wageni za dola ya Kirumi zilijulikana kwa wizi, ulevi na ukahaba. Ndiyo maana nyaraka za Agano Jipya zinarudia jambo hili mara kwa mara. Paulo anawaagiza Warumi washike desturi ya kukaribisha wageni (Warumi 12:13). Petro anataka ukarimu huo ufanyike bila manung'uniko (1 Petro 4:9), kana kwamba aliwajua watu wanaokaribisha kwa mkono mmoja na kunung'unika kwa mdomo mwingine. Mwandishi wa Waebrania (13:2) anatukumbusha kwamba wako waliowapokea malaika bila kujua, nasi mara moja tunamwona Ibrahimu chini ya mialoni ya Mamre akiharakisha unga na ndama.

Kanisa hilo pia lilijua kwamba ukarimu unaweza kutumiwa vibaya. Kitabu kidogo cha kale kiitwacho Didakhe, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, kinaelekeza kwamba msafiri wa kawaida asaidiwe kadiri inavyowezekana, lakini asikae zaidi ya siku mbili au tatu. Akitaka kuhamia hapo, afanye kazi apate kula. Wazee wetu, ambao hawakuwahi kukisoma kitabu hicho, walifika mahali palepale waliposema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hekima hiyo haimfukuzi mgeni. Inamgeuza kuwa mtu wa nyumbani.

Katika karne ya 6, huko Italia, Benedikto wa Nursia aliandika kanuni kwa ajili ya watawa wake wa Monte Cassino. Sura ya 53 ya kanuni hiyo inahusu wageni peke yao. Benedikto anaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, kwa msingi wa Mathayo 25. Anataka waombe pamoja kwanza, kisha mgeni aoshwe mikono na miguu. Anaagiza pawe na jiko la abate na wageni, kwa sababu wageni hufika saa yoyote na hawapaswi kuvuruga utaratibu wa nyumba. Anataka mtawa mmoja mwenye kumcha Mungu akabidhiwe vyumba vya wageni, na vitanda vya kutosha viwe vimekwisha kutandikwa. Tena anasema maskini na mahujaji watunzwe kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa tajiri hujipatia heshima mwenyewe kwa jinsi watu wanavyomwogopa.

Tuizingatie hiyo habari ya vitanda vilivyokwisha kutandikwa. Kwa Benedikto ukarimu haukuwa hisia inayomjia mtu siku akijisikia vizuri. Ulikuwa kazi yenye mhusika wake, yenye shuka safi kabatini na chungu jikoni, tayari kabla mgeni hajajulikana jina.

Wageni waliokuwa wenyeji kesho yake

Watawa walipofika pande zetu hawakuleta ukarimu kama watu waletao kitu kisichojulikana. Waliukuta. Wamatengo wa milima ya Mbinga, wale wanaojulikana kwa kilimo chao cha mashimo kiitwacho ngoro, walikuwa na desturi ya sengu: mahali ambapo watu wa ukoo walikula pamoja, wakazungumza mambo yao, wakaamua mashauri na kuwafundisha vijana. Penye chakula cha pamoja, mtu mmoja zaidi hapungukiwi nafasi. Kule chini ziwani, Wanyasa waliishi kwa uvuvi na kwa mitumbwi, na watu wa mitumbwi wanajua kwamba upepo ukibadilika utalala kwenye kijiji ambacho hukukikusudia.

Hivyo wamisionari wa kwanza walikuwa wageni wetu kabla hawajawa wenyeji wetu. Padre William Percival Johnson wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alifika Afrika mwaka 1876. Mwaka 1885 yeye na Chauncy Maples walianzisha kituo katika kisiwa cha Likoma, na kutoka hapo, kwa merikebu ndogo ya mvuke iliyoitwa Charles Janson, alizunguka vijiji vya pwani ya mashariki ya ziwa kwa miaka mingi, ingawa macho yake yalikuwa mabovu. Mtu afanyaye kazi ya namna hiyo huishi kwa mlango wa mwingine. Maelfu ya watu wa mwambao walisikia Injili kutoka kwa mtu ambaye wao ndio waliompokea. Alifariki mwaka 1928, na kaburi lake liko Liuli. Kuanzia mwaka 1901 misheni hiyo ilikuwa pia na merikebu kubwa zaidi, Chauncy Maples, iliyobeba shule, tiba na ibada kutoka kijiji hadi kijiji.

Upande wa milimani walikuja Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien kutoka Ujerumani. Cassian Spiss alianzisha Peramiho mwaka 1898, karibu kilomita 24 kutoka Songea. Kigonsera ilifuata mwaka 1899, na Litembo, juu kabisa katika nchi ya Wamatengo, mwaka 1914. Walijenga kwa matofali, wakapanda miti ya matunda, wakatengeneza useremala na ushonaji wa viatu. Na kwa kuwa walikuwa chini ya kanuni ya Benedikto, kila walipojenga kanisa walijua kwamba wanadaiwa pia chumba cha mgeni.

Mgeni aliyechoma nyumba

Lakini hatutaisimulia historia hii kana kwamba ni maua matupu. Ukarimu wa Ruvuma una jeraha, na Mkristo anayelala Peramiho bila kulijua amelala juu ya kitu asichokielewa.

Kabla ya Vita vya Majimaji, Padre Franziskus Leuthner wa Peramiho alikichoma kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, mahali ambapo mkuu huyo wa Wangoni aliwakumbuka na kuwaomba wazee wake waliokwisha kufa. Mgeni alichoma nyumba takatifu ya mwenyeji wake. Mwaka 1905 vita vilipowaka, ghadhabu ilijibu. Mwezi Agosti Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Walikuwa safarini kutoka pwani kuja bara. Mwezi Septemba misheni ya Peramiho ilichomwa moto, na Padre Leuthner akauawa. Kisha serikali ya Kijerumani ikalipiza kisasi kwa bunduki na kwa kuteketeza vyakula mashambani, na njaa ikaua watu wengi mno. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu na wapiganaji wengi wa Kingoni walinyongwa Songea, Mputa akiwamo. Wengi wao walibatizwa na padre Mbenediktini muda mfupi kabla ya kunyongwa. Hadi leo siku hiyo inaadhimishwa Songea kila mwaka.

Sisi Walutheri hatuna nafasi ya kuwanyoshea kidole Wabenediktini. Wamisionari wa Berlin waliofika upande wa kaskazini wa ziwa hilihili mwaka 1891 walikuja nao chini ya bendera ileile. Tunachotaka kukiona ni kitu kimoja tu. Imani inaweza kuingia katika nyumba ya mtu kama Kristo alivyoingia kwa Zakayo, kwa kuomba nafasi. Au inaweza kuingia kama mwenye nyumba asiyebisha hodi. Katika Ufunuo 3:20 Bwana anasimama mlangoni na kubisha. Yeye mwenye mamlaka yote bado anabisha. Anayemtumikia hana ruhusa ya kuvunja mlango.

Kwa hiyo, watawa walipojenga upya juu ya majivu ya mwaka 1905, nyumba ya wageni ilipata maana ambayo haikuwa nayo mwanzoni. Walikuwa wamejifunza, kwa gharama ya damu ya pande mbili, kwamba kukaa katika nchi ya watu ni neema inayotolewa na wenyeji. Hatusemi kwamba kila mtawa aliliweka hivyo kwa maneno. Lakini mlango ulio wazi kwa Mngoni na Mmatengo, kwa Mkristo na asiye Mkristo, ni aina ya toba inayofanywa kwa mikono.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilivuruga tena. Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, hapohapo Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Baada ya vita wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na ilipita miaka kabla ya kuruhusiwa kurudi. Mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia, na Abate wake akawa Gallus Steiger, Mswisi.

Vyumba vilivyojengwa na mahitaji

Nani alilala katika vyumba hivyo? Kwa miaka mingi hakuwa mtalii. Alikuwa mtembea kwa miguu. Misheni zilikuwa pumziko la mtu aliyetoka mbali: katekista aendaye kusali, mwalimu aendaye kuchukua mshahara, mzazi ampelekaye mtoto shule ya bweni. Hospitali zilipokua, kama ile ya Peramiho na ile ya Litembo, walikuja wanaouguza. Sote tunajua kwamba kwetu mgonjwa hafiki hospitali peke yake. Huja na mama, shangazi au dada wa kumpikia na kumfulia, na huyo naye anahitaji pa kuweka kichwa. Mwambaoni kulikuwa na meli. Meli za ziwa zilizopita Manda, Lundu, Liuli na Mbamba Bay hazikufuata saa ya abiria. Mtu aliweza kusubiri siku mbili au tatu, na asiye na ndugu bandarini alikwenda misheni.

Kadiri miaka ilivyopita, kazi hiyo ilishikwa zaidi na Waafrika wenyewe, na zaidi na wanawake. Mwaka 1957 ilianzishwa monasteri ya Hanga katika mkoa huohuo wa Ruvuma, kwa ajili ya watawa Waafrika wa Kibenediktini. Chipole wako Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes. Mbinga mjini wako Masista wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, wenye mizizi yao Untermarchtal, kusini mwa Ujerumani, waliofika karibu na wakati wa uhuru wetu. Kwa upande wa Waanglikana kuna Chama cha Mariamu Mtakatifu, masista ambao chama chao kilianzishwa Masasi mwaka 1946 na ambao utumishi wao umefika hadi Liuli. Sisi Walutheri ni wachache katika mwambao huu. Tukiwa safarini huko, aghalabu sisi ndio wageni na wao ndio wenyeji.

Watu hujiuliza kwa nini malazi ya watawa ni nafuu. Wengine hudhani kuna wafadhili wa Ulaya wanaolipia kila shuka. Jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba wanaotandika hawalipwi mshahara. Sista aliyeweka nadhiri hana akiba yake benki. Kazi yake ya kufua na kupika ni sehemu ya sala yake. Mboga hutoka bustanini, maziwa hutoka zizini, mkate mara nyingi huokwa hapohapo. Ardhi ilikwisha kupatikana zamani. Fedha kidogo anayotoa mgeni hununua sukari, sabuni na umeme, na ikibaki husaidia zahanati au malezi ya wanovisi. Kwa hiyo tusiseme kitanda kile ni cha bei rahisi. Ni cha bei kubwa, isipokuwa mtu mwingine amekwisha kulipa sehemu kubwa ya bei hiyo kwa maisha yake. Mkristo wa Kilutheri akisikia hivyo anapaswa kushtuka kidogo, maana maneno ya namna hiyo tunayajua kutoka mahali pengine. Ndivyo tunavyohubiri juu ya neema.

Nyumba hizo zina taratibu zake pia. Lango hufungwa mapema. Kengele hulia alfajiri, na mgeni aliyezoea kulala hadi jua lichomoze hushtuka. Hakuna muziki wa sauti ya juu. Anayetaka anakaribishwa kanisani, asiyetaka halazimishwi. Mgeni anayeona masharti hayo ni usumbufu hajaelewa kwamba ameingia katika nyumba ya watu, nyumba ambayo ilikuwa ikisali kabla hajafika na itaendelea kusali akiondoka.

Luther na nyumba ya watawa

Hapa msomaji wetu anaweza kuuliza: je, Martin Luther hakuyapinga maisha ya utawa? Aliyapinga, nasi tuseme kwa usahihi alipinga nini.

Luther mwenyewe aliingia monasteri ya Waaugustino huko Erfurt mwaka 1505. Miaka michache baadaye alitumwa Roma kwa shughuli za shirika lake, akaenda kwa miguu akivuka milima ya Alpi, akilala katika monasteri njiani kama ilivyokuwa desturi ya watawa wenzake. Kwa lugha ya leo, alikuwa msafiri asiye na fedha aliyetegemea vitanda vya watawa. Mwaka 1521 aliandika kitabu kuhusu nadhiri za watawa, na mwaka 1530 Ungamo la Augsburg, sehemu ya 27, likaeleza msimamo wa kanisa letu. Hoja ilikuwa juu ya stahili. Hakuna nadhiri inayomfanya mtu awe mwenye haki mbele za Mungu, wala maisha ya mtawa si ya juu kuliko ya mama anayelea mtoto au mkulima anayepalilia kahawa. Tunahesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani. Hoja hiyo haijazeeka.

Lakini tuangalie kilichotokea kwa jengo. Monasteri ya Waaugustino ya Wittenberg ilibaki karibu tupu watawa walipoondoka. Juni 1525 Luther alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa sista, na wakaishi humohumo. Baadaye, mwaka 1532, mtawala wa Saksonia aliwapa nyumba hiyo rasmi. Katharina aliijaza watu. Alipangisha vyumba kwa wanafunzi, akawapokea wakimbizi, yatima na ndugu, akalima bustani, akafuga nguruwe na kutengeneza bia ya nyumbani ili mezani pasikose kitu. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, nyumba hiyo iliwapokea wagonjwa. Mazungumzo ya mezani ya Luther, ambayo yanasomwa hadi leo, yaliandikwa na wageni na wanafunzi waliokula chakula cha Katharina. Wanafunzi walilipa, na yeye ndiye aliyetunza hesabu, kwa kuwa mumewe alikuwa mwepesi wa kugawa.

Kwa hiyo nyumba ya Luther mwenyewe ilikuwa ndani ya monasteri, na ilikuwa nyumba ya wageni. Matengenezo ya Kanisa yaliondoa nadhiri zilizodaiwa kuwa stahili, lakini meza na kitanda cha mgeni vilibaki. Baada ya muda, sisi warithi tumesahau sehemu ya pili. Watawa hawapati wokovu kwa kutandika vitanda. Lakini wala sisi hatupati wokovu kwa kutovitandika.

Tena tusisahau kwamba ndani ya KKKT pia wako masista, kama wale wa Ushirika wa Neema huko Moshi, wanaoishi maisha ya pamoja ya sala na utumishi bila kuyahesabu kuwa ngazi ya kwenda mbinguni. Na tangu Oktoba 31, 1999, Walutheri na Wakatoliki walipotia sahihi huko Augsburg tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, msharika wetu anayelala Peramiho hana haja ya kujiona amelala kambi ya adui.

Lami imefika

Leo mambo yanabadilika. Wilaya ya Nyasa imemegwa kutoka Mbinga, na lami ya kilomita 66 imeiunganisha Mbinga na Mbamba Bay. Safari iliyokuwa ya siku nzima ya tope na kusukuma gari sasa ni ya muda mfupi. Watalii wanakuja kuona ziwa, na nyumba za kulala wageni zinachipuka. Tunamshukuru Mungu kwa hayo, maana barabara njema huokoa mama mjamzito na kufikisha kahawa sokoni.

Lakini barabara hiyohiyo inaleta jaribu. Nyumba ya watawa iliyokuwa ikimlaza mama anayeuguza inaweza kuona kwamba mtalii analipa mara tano. Hapo ndipo onyo la Benedikto kuhusu tajiri na maskini linapohitajika tena. Si dhambi kumtoza mwenye uwezo bei kamili. Dhambi ni pale mwenye uwezo anapomfanya asiye nacho akose nafasi. Wanaoziendesha nyumba hizo wanalijua jambo hilo kuliko sisi, na wanahitaji sala zetu zaidi ya ushauri wetu.

Swali letu ni la nyumbani. Zamani sharika zetu zilipokuwa na mkutano, wageni waligawanywa katika nyumba za washarika. Mama alimwachia mgeni kitanda, watoto wakalala mkekani, na kuku mmoja hakuiona Jumapili. Siku hizi kamati ya maandalizi huandika fungu la malazi, wageni wakapelekwa gesti, na mgeni asiye na fungu akaambiwa atajijua mwenyewe. Tumepata urahisi. Tumepoteza mazungumzo ya usiku, sala ya pamoja ya asubuhi, na watoto wanaokua wakiona nyumba yao inapokea watu.

Tunapendekeza mambo matatu kwa washarika wenzetu. Kwanza, tukilala kwa watawa, tuwe wageni wa kweli: tufike kwa wakati, tutunze ukimya, tusibishane bei kama tuko sokoni, na anayeweza aongeze kitu kwa ajili ya maskini atakayelala kitandani pale kesho. Pili, kila usharika uliopo njiani au karibu na hospitali uwe na chumba kimoja chenye vitu vinne vya Shunemu, na mtu mmoja aliyekabidhiwa ufunguo na shuka. Chumba kimoja hakihitaji harambee kubwa. Kinahitaji uamuzi wa baraza la wazee. Tatu, kila familia ijiulize ni lini mara ya mwisho mtu asiye ndugu alilala chini ya paa lao.

Waraka wa Tatu wa Yohana ni mfupi sana, na karibu wote unahusu jambo hili. Gayo aliwapokea ndugu wasafiri, hata wale asiowajua, na Yohana akamsihi awasafirishe kama ipasavyo mbele za Mungu. Diotrefe alikataa kuwapokea, akawazuia na wengine waliotaka. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa, na inaelekea wote wawili walishika imani ileile kwa midomo yao. Aliyewatofautisha ni msafiri aliyefika jioni, akiwa na vumbi miguuni, akabisha hodi.